Sauti ya "ubora wa juu": kuna haja ya kuilipia?

Hapa Likuyani, Kakamega, taarabu naipata kwa bando la simu, hivyo swali hili ni la mfuko. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa biti 16. Yatosha kubeba mitetemo 20,000 kwa sekunde, upeo wa sikio la binadamu. Faili ya biti 24 na vipimo 192,000, isiyobanwa, ni kubwa mara sita na nusu.

Mwaka 2007 Meyer na Moran wa Marekani walifanya majaribio 554 ya kusikiliza. Waliosikiliza walipatia karibu nusu, sawa na kubahatisha. Uchambuzi wa Reiss wa 2016 ulifikia asilimia 52.3. Tofauti yenyewe ndiyo hiyo! Heri hedifoni nzuri.

Na sahani alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay, 1928? Zinakiliwe kwa biti 24, mikwaruzo nayo itaingia.