Viwango vya Kawaida vya Kipimo cha Neva ya Macho kwa Vijana Balehe

Kipimo cha mwitikio wa kuona huonyesha muda ambao taarifa ya kile jicho linachokiona hutumia kutoka kwenye retina, kupitia neva ya macho, hadi sehemu ya ubongo iliyo kisogoni. Anayepimwa huketi mbele ya skrini yenye miraba myeupe na myeusi kama ubao wa drafti, jicho moja likiwa limefunikwa, na kukazia macho nukta iliyo katikati. Mara mbili kila sekunde miraba hubadilishana rangi. Elektrodi iliyobandikwa kisogoni hunasa umeme wa mikrovolti chache tu, na kompyuta hukusanya miitikio 50 au zaidi na kuitafutia wastani, ili shughuli nyingine za ubongo zijifute zenyewe. Mchoro unaobaki una kilele kiitwacho P100, kwa kuwa hutokea karibu na milisekunde 100 baada ya miraba kubadilika.

Mwaka 1972, Halliday, McDonald na Mushin walionyesha huko London kwamba kilele hicho huchelewa kwa wagonjwa waliowahi kupata uvimbe wa neva ya macho, hata wale ambao uoni wao ulikuwa umerudi. Tangu hapo, swali la daktari limekuwa hilohilo: kimechelewa kuliko nini?

Jibu haliwezi kunakiliwa kitabuni. ISCEV, jumuiya ya kimataifa inayoweka kanuni za vipimo vya umeme wa macho, hutaka kila maabara iwe na viwango vyake yenyewe au ithibitishe vile inavyoazima. Ukubwa wa miraba, mwangaza wa skrini, ukali wa tofauti ya nyeusi na nyeupe, vichujio vya mashine, vyote husogeza kilele. Skrini nyingi bapa za kisasa huchelewesha picha kwa milisekunde kadhaa zikilinganishwa na zile za zamani zenye kisogo. Milisekunde hizo zikisahaulika, mtu mwenye afya anapewa ugonjwa wa skrini.

Kwa vijana wa miaka 10 hadi 19 tatizo huongezeka. Kwa miraba mikubwa, muda wa kilele huwa umekaribia wa mtu mzima mtoto afikapo miaka mitano hivi, ndiyo maana maabara nyingi huwapima matineja kwa rula ya watu wazima. Njia hiyo ni nyepesi mno. Mwitikio wa miraba midogo huchelewa zaidi kukomaa, na kimo cha kilele huwa kirefu utotoni kisha hupungua mtu anapokua. Isitoshe, wanawake kwa wastani hupata kilele mapema kidogo kuliko wanaume, na chenye kimo zaidi, jambo linalohusishwa na ukubwa wa kichwa na homoni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kundi mchanganyiko lina wastani wa milisekunde 101 na mkengeuko sanifu wa 5. Kikomo kikiwekwa kwenye mikengeuko 2.5 juu ya wastani, ni 113.5. Wasichana peke yao wana wastani wa 98 na mkengeuko wa 4, hivyo kikomo chao ni 108. Msichana mwenye 110 ni mzima kwa jedwali la kwanza na ana kasoro kwa la pili.

Kazi ngumu kuliko zote ni kumpata kijana mwenye afya. Kusema "wanafunzi wa shule ya jirani" hakutoshi, na Dar es Salaam inajua sababu. Kuanzia mwaka 1988, mkurupuko wa ugonjwa wa neva za macho uliwakumba vijana wa pwani ya Tanzania, na baadaye uchunguzi ukaukuta hata kwa watoto wa shule za msingi jijini humo. Anayekusanya viwango darasani bila uchunguzi anaweza kuingiza ugonjwa ndani ya "kawaida". Kila kijana apimwe uwezo wa kusoma herufi, uoni wa rangi na mboni, kisha daktari aangalie sehemu ya nyuma ya jicho. Aulizwe kama amewahi kuumia kichwa, kama ana kifafa au kisukari, na kama ametumia dawa za kifua kikuu, kwa sababu ethambutoli inaweza kudhuru neva hiyo. Umri huu ndio pia wa macho kuanza kushindwa kuona mbali, na wengi hawajui. Ukungu huchelewesha kilele cha miraba midogo, hivyo anayehitaji miwani apimwe akiwa ameivaa.

Mahali pa elektrodi hupatikana kwa futi ya fundi cherehani. Pima kutoka kwenye kibonyeo kilicho juu ya pua, pitisha utosini, hadi kwenye kinundu cha kisogo. Kama ni sentimita 36, elektrodi hukaa sentimita 3.6 juu ya kinundu. Kwa msichana aliyenyoa kama shule nyingi zinavyotaka, ni kazi ya dakika chache. Kwa aliyesuka rasta, itabidi kutafuta mstari wa ngozi kati ya misuko, na kuibandika pembeni ili kuokoa muda ni kuharibu kipimo. Mpimaji amtazame kijana macho muda wote pia, kwani akisinzia au akilegeza macho kwa makusudi, kilele hunywea.

Kwa hesabu, mwongozo unaotumika sana katika maabara za tiba hutaka watu 120 kwa kila kundi iwapo mipaka itasomwa moja kwa moja kwenye data. Macho mawili ya mtu mmoja hufanana, kwa hiyo vijana 60 si sampuli ya 120. Macho hayo mawili yana faida nyingine: tofauti kati yake kwa mtu mwenye afya huwa ndogo sana, na mara nyingi ndiyo hufichua ugonjwa wa jicho moja kabla ya kikomo cha jumla kuvukwa. Kimo cha kilele hakigawanyiki kwa usawa pande mbili za wastani, hivyo kibadilishwe kuwa logi au kiwekewe mipaka ya asilimia.

Ripoti inayomfikia daktari itaje umri, jinsi, ukubwa wa miraba na jedwali lililotumika. Mashine au skrini ikibadilishwa, jedwali hilo halitumiki tena mpaka lihakikiwe upya.