Alerti, Neno Lililotoka Mlimani

Mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, neno hili halina haja ya kufasiriwa. Huandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni mwa ujumbe wa WhatsApp, mara tatu mfululizo, kabla msomaji hajajua kama kinachokuja ni mwizi, mto, kipindupindu au risasi. Kwa Kifaransa huandikwa alerte. Kinywani mwa watu wa mitaa ya Mulongwe, Kalundu na Kavimvira limekuwa alerti, neno la Kiswahili kama maneno mengine. Alerti hupigwa, hutolewa, hupokelewa. Na kama itakavyoonekana, siku hizi hata huhesabiwa.

Waingereza wanalo pia, alert, pamoja na ndugu yake alarm. Yote mawili yalizaliwa katika kambi za askari wa Italia. All'arme ilikuwa amri ya kukimbilia silaha. Ilipitia Kifaransa na kuingia katika Kiingereza tangu karne ya 14, na huko ikabadilika tabia. Kutoka amri ikawa mlio unaoitangaza, kutoka mlio ikawa hofu inayompata aliyeusikia, na leo wengi wanaijua kama alamu ya simu, ile inayozimwa alfajiri mwenye simu akageuka upande wa pili na kulala tena. Silaha zimesahaulika kabisa.

All'erta ina kisa kingine. Erta ni mteremko mkali, mahali pa juu. Mlinzi aliyeambiwa all'erta aliambiwa apande, asimame kule juu, atazame. Wafaransa walilichukua katika karne ya 16 na Waingereza wakafuata. Kwa hiyo ndani ya neno hili, ukilibandua gamba, hamna kelele wala king'ora. Kuna mtu mmoja aliyesimama mlimani, macho wazi, wakati wengine wamelala bondeni.

Kama ni mlima tu unaotakiwa, basi Uvira hauna upungufu. Mji umebanwa kati ya ziwa Tanganyika upande wa mashariki na safu ya Mitumba upande wa magharibi, ukanda mwembamba ambao katika baadhi ya mitaa mtu akitoka pwani hutembea dakika chache tu kabla ya kuanza kupanda. Ziwa liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na huko nyuma ya mji nyanda za juu za Itombwe zina vilele vinavyopita mita 3,000. Aliyesimama kwenye mabega ya mlima huo anaona maji, mitumbwi, mdomo wa Ruzizi, na Bujumbura ng'ambo. Mlinzi wa Kitaliano angepapenda. Angechelewa tu kugundua kwamba hapa hatari haipandi kutoka bondeni peke yake. Nyingine humjia kutoka mgongoni.

Kabla ya Kifaransa kufika, pwani hii ilikuwa na njia zake za kutangaza. Aprili 1858, Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. (Unaingia. Waliambiwa na wenyeji, lakini hawakufika mdomoni kujionea. Livingstone na Stanley ndio waliokwenda kuhakikisha Novemba 1871.) Burton alilalamika sana juu ya safari hiyo, na moja ya malalamiko yake ilikuwa kelele: wapiga makasia walioimba na kupiga mayowe, na watu wa mbele ya mtumbwi waliopuliza pembe na kupiga ngoma bila kuchoka. Kwake ilikuwa karaha. Kwa kijiji kilichokuwa ufuoni ilikuwa habari. Mtumbwi unaokuja kwa pembe na ngoma unajitambulisha kabla haujaonekana vizuri. Wa kuogopwa ni ule unaokuja kimya. Na katika miongo iliyofuata, wakati wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa kama Rumaliza walipoishika biashara ya kaskazini mwa ziwa kutoka Ujiji, kulikuwa na sababu nyingi za kusikiliza kimya hicho.

Kiswahili chenyewe kimejaa maneno ya sauti hizo. Kuna mbiu, pembe iliyopulizwa kuita watu. Kuna ukunga, ukelele wa mtu aliyezidiwa anayeomba kuokolewa. Kuna yowe, kuna kamsa, na kwa upande wa mashine kuna king'ora. Tahadhari na hadhari tulizipata kwa Waarabu. Lakini neno la kushangaza zaidi ni lile ambalo wengi hawalitazami mara mbili: onya. Limetokana na ona, kwa kiambishi kilekile cha zamani kilichotoa ponya kutoka pona. Kumwonya mtu ni kumfanya aone. Mbantu na Mtaliano hawakuwahi kukaa pamoja, na bado wote wawili walipotafuta neno la hatari walianzia kwenye jicho.

Tofauti ni kwamba ukunga na kamsa zina mwisho unaojulikana. Anayepiga ukunga anategemea mtu atoke. Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, aliyeusikia akabaki kitandani alikuwa na la kujibu asubuhi. Alerti ilikuja bila sharti hilo. Ni neno la kutoa taarifa, nalo halisemi nani anapaswa kuamka.

Ndiyo maana usiku, katika mitaa ya Kivu, alerti huacha kuwa neno na kurudi kuwa chuma. Wezi wenye silaha wakiingia nyumba moja, nyumba ya pili huanza kupiga sufuria. Mwiko juu ya kifuniko, kwanza polepole kwa woga, kisha jirani anadakia kwa bati, mwingine ana filimbi, mwingine anagonga nguzo ya umeme kwa jiwe. Hakuna anayetoka peke yake gizani. Sauti inatoka kwanza, inapita avenyu hadi avenyu, na yule mwizi anajua kwamba mtaa mzima uko macho hata kama hajamwona mtu yeyote. Ni sayansi ya watu wasio na bunduki, na vyombo vyake vyote vinatoka jikoni.

Uvira umekuwa na sababu ya kujifunza. Mei 1964 mji ulitekwa na waasi wa Gaston Soumialot. Oktoba 1996 uliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL mwanzoni kabisa mwa vita vilivyomwondoa Mobutu. Katika siku kama hizo mlio wa risasi wenyewe ndio uliokuwa taarifa, na aliyekuwa na mtumbwi alitazama ziwani.

Umoja wa Mataifa ulipokuja na askari wake, neno la mtaani likapewa ofisi. MONUSCO, kikosi chake cha kulinda amani, iliunda mitandao ya alerti ya jamii: mtu wa kijijini, mara nyingi mkuu wa eneo au mtu wa asasi ya raia, alipewa simu na namba ya kupiga, na wasaidizi Wakongo waliokaa kambini walipokea na kuwatafsiria makamanda waliotoka Pakistani, Uruguai au kwingineko. Kwenye karatasi ilikuwa kazi safi. Kijiji kingeona, simu ingesema, gari lingekuja.

Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 mpango huo ulipimwa Mutarule, katika bonde la Ruzizi kaskazini mwa Uvira. Washambuliaji waliingia kijijini. Baadhi ya waliouawa walikuwa kwenye ibada iliyofanyika nje. Waliokufa walikuwa 30 kwa uchache, wengi wao wanawake na watoto. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza na kueleza kwamba jeshi la taifa na askari wa Umoja wa Mataifa walijulishwa wakati shambulio likiendelea, na kwamba kambi ya walinda amani ilikuwa umbali wa kilomita 9 tu. Hawakuingilia kati.

Hapo ndipo kisa cha neno hili kinapouma. Mutarule hapakukosekana macho. Hapakukosekana simu, wala mtu wa kuipokea. Kila kitu ambacho all'erta inadai kilifanyika: mtu aliona, akasema, akasikika. Kilichokosekana ni kile ambacho ukunga ulikuwa nacho na alerti haina, yaani aibu ya kusikia bila kutoka. Uchunguzi ulitangazwa, viongozi walikuja kuomboleza. Miaka 10 baadaye, katikati ya mwaka 2024, MONUSCO ilifunga kazi zake Kivu Kusini, ikianzia kambi ya Kamanyola mwezi Februari. Bonde likabaki na simu zake na sufuria zake.

Mto hauhitaji bunduki. Mulongwe ni mto mfupi unaoshuka moja kwa moja kutoka milimani na kupita katikati ya mji kabla ya kuingia ziwani. Wakati wa kiangazi mtoto anauvuka kwa kuruka mawe. Lakini mvua inayoujaza hainyeshi mjini, inanyesha juu, mahali ambapo miti imepungua na mashamba yamepanda hadi kwenye miteremko. Mjini mtu anaweza kuwa amekaa barazani pakavu huku mto wake tayari umeshabadilika. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 ulishuka na matope na mawe makubwa. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kujaa tope, na mitambo ya shirika la maji la REGIDESO iliharibika, katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuondoka kwa muda mrefu. Ilikuwa pia majuma machache tu tangu nchi itangaze hali ya dharura kwa sababu ya korona. Watu waliokuwa wakiambiwa wakae mbalimbali wakajikuta wamelundikana mashuleni na makanisani.

Mto wa namna hiyo hausubiri tangazo. Kutoka juu mpaka mtaa wa Songo ni mwendo wa muda mfupi, na maji yanashuka kasi kuliko mtu. Redio za mji, kama Radio Mitumba au Le Messager du Peuple, zinafika kwa aliye macho na mwenye betri. Aliyelala anategemea sauti ya mawe yakigongana ndani ya maji, na akiisikia hiyo huwa hana muda wa kuvaa viatu. Mwenye ndugu kule milimani ana bahati kidogo, maana kuna simu ambayo haina haja ya neno alerti: "Huku kwetu inanyesha vibaya. Amsha watoto."

Machi 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kufikia mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe amefikiwa na mfumo wa kuonywa mapema dhidi ya majanga ya hali ya hewa. Mei 2023, kati ya tangazo na tarehe hiyo ya mwisho, mafuriko ya Kalehe, kwenye ziwa Kivu katika jimbo hilohilo, yaliua zaidi ya watu 400 huko Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko.

Mahali alerti ilipofanikiwa zaidi ni hospitalini, ingawa hukohuko ndiko ilikobadilika ikawa kitu cha kuhesabu. Wakati wa Ebola mashariki mwa Kongo, kuanzia 2018, kila mgonjwa aliyeshukiwa aliitwa alerti moja. Reko, yule mhamasishaji wa afya wa mtaa, alipeleka alerti. Ofisini zilijumlishwa, zikathibitishwa au kufutwa, zikaandikwa kwenye ripoti ya jioni. Ilipokuja mpox ya Kamituga, katika jimbo hilohilo la Kivu Kusini, ambayo aina yake mpya ilitambuliwa baada ya wagonjwa wa mwishoni mwa 2023 na kusambaa hadi Uvira, lugha hiyo ilikuwa imeshakomaa. Mtu anaweza kusema leo tumepata alerti nne bila kupandisha sauti. Neno lililomtaka mtu apande mlimani sasa linajaza safu ya jedwali, na pengine ndivyo kazi ya afya inavyotakiwa kuwa: baridi, ya kila siku, bila mayowe.

Kuna hatari moja ambayo haikupata neno. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga huko Kalemie, ambao Verney Lovett Cameron aliutambua mwaka 1874. Wakati ule ulikuwa umezibwa na tope na matete; miaka michache baadaye maji yalipanda mpaka yakakivunja kizibo hicho, kisha ziwa likashuka. Tangu mvua kubwa za 2020 ziwa limepanda tena, na mwaka 2024 maji yalikaa ndani ya bandari ya Kalundu na nyumba za ufuoni. Hayakuja usiku mmoja. Yalikuja kwa vidole, mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyepiga sufuria, kwa sababu hapakuwa na saa ambayo mtu angeweza kusema: sasa. Kwenye kuta zilizobaki kule mtaa wa Kilomoni mstari wa tope unaonyesha yalipofika mwaka mmoja, na juu yake kuna mwingine wa mwaka uliofuata.