Damu Ambayo Haikuwa Damu

Leo sitaongea kuhusu simu mpya wala programu mpya. Nataka niwasimulie kesi moja ya Australia ambayo imenikaa kichwani muda mrefu. Nadhani kila mtu anayeandika programu, na kila mtu anayeamini majibu ya mashine, anafaa kuijua. Kisa chenyewe ni kirefu kidogo, kwa hivyo jimiminie chai kwanza.

Tarehe 17 Agosti 1980, familia moja ilikuwa imepiga hema karibu na Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu ulio katikati ya jangwa la Australia, ambao wakati huo uliitwa Ayers Rock. Baba, Michael Chamberlain, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, kanisa ambalo sisi Wakenya tunalijua vizuri, hasa ukitoka upande wa Kisii. Mama aliitwa Lindy. Walikuwa na wavulana wawili na mtoto mchanga wa kike, Azaria, mwenye umri wa wiki tisa.

Mnamo saa mbili usiku Lindy alimlaza mtoto ndani ya hema, kisha akarudi mahali pa kupikia walipokuwa watu wengine. Baadaye kidogo mama mmoja aliyekuwa pale alimsikia mtoto akilia. Lindy akaenda kuangalia. Akamwona dingo, yule mbwa wa porini wa Australia, akitoka hemani. Alipoingia, mtoto hakuwepo. Akapiga kelele kwamba dingo amemchukua mtoto wake.

Watu walitafuta usiku kucha. Waliokuwamo ni wenyeji wa jamii ya Anangu, watu wanaosoma nyayo mchangani kama mimi na wewe tunavyosoma gazeti. Mmoja wao alikuwa mzee Nipper Winmatti. Waliona nyayo za dingo karibu na hema, na dalili kwamba mnyama alibeba kitu na kukiweka chini njiani. Wiki moja baadaye nguo za mtoto zikapatikana karibu na mwamba, zina damu. Mwili haujapatikana hadi leo.

Hakimu wa kwanza aliyechunguza kifo hicho, Denis Barritt, alitoa uamuzi Februari 1981: dingo ndiye aliyemchukua mtoto, wazazi hawana hatia. Uamuzi huo ulionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea nchi nzima. Watu walidai kwamba jina Azaria maana yake ni kafara jangwani. Si kweli, jamani. Ni jina la Kiebrania lenye maana kwamba Mungu amesaidia.

Kesi ingeisha hapo. Lakini nguo ya mtoto ikapelekwa London.

Huko London ilichunguzwa na Profesa James Cameron, mwanapatholojia aliyekuwa na jina kubwa sana Uingereza. Alitazama nguo hiyo chini ya miale ya urujuanimno, akasema damu ile ilionyesha mtoto alikatwa shingoni kwa kitu chenye makali, na kwamba nyuma ya nguo aliona alama ya mkono wa mtu mzima uliolowa damu. Mtaalamu mwingine wa London, Bernard Sims, ambaye kazi yake ilikuwa meno, alisema hakuona dalili za meno ya mnyama. Kumbuka kwamba hakuna mwili uliopasuliwa. Yote haya yalisomwa kwenye kitambaa. Na Uingereza haina dingo hata mmoja porini.

Kuna jambo jingine ambalo lilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye nia ya kutafuta. Cameron alikuwa shahidi katika kesi ya mauaji ya Maxwell Confait, aliyeuawa London mwaka 1972. Vijana watatu walihukumiwa, na ushahidi kuhusu saa ya kifo ulikuwa sehemu muhimu ya kesi. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu zao, baada ya kuonekana kwamba makadirio ya saa ya kifo hayakusimama. Kwa lugha ya kazi yangu, programu hii ilikuwa imeshaanguka mara moja, na ripoti ya kuanguka kwake ilikuwepo. Hata hivyo ripoti kutoka London ilitosha kufungua faili upya.

Polisi walichukua gari la familia, Holden Torana ya rangi ya manjano, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mtoto kupotea. Mtaalamu wa maabara, Joy Kuhl, akalipima. Sasa hapa nisikilize vizuri, maana ndipo kesi yote ilipokaa.

Damu ya mtoto mchanga ina aina yake ya hemoglobini, tofauti na ya mtu mzima. Aina hiyo hupungua polepole miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa. Ukiwa na dawa inayoshikana na hemoglobini ya kichanga peke yake, unaweza kusema: hii ni damu ya mtoto. Kuhl alisema amepata damu ya namna hiyo ndani ya gari, na hata vitone vilivyoruka chini ya dashibodi. Upande wa mashtaka ukajenga picha nzima: mama alimchinja mtoto ndani ya gari katika zile dakika chache alizokuwa mbali na wenzake.

Upande wa utetezi ulikuwa na Profesa Barry Boettcher, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia. Yeye alisema dawa ile haikufaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa iliweza kujibu hata kwa damu ya mtu mzima. Utetezi ulipotaka kuona sahani za vipimo ili wazichunguze wenyewe, wakaambiwa zimeshatupwa. Ndiyo iliyokuwa desturi ya maabara. Kilichobaki ni maandishi ya mpimaji.

Australia, tofauti na kwetu, kesi kama hiyo huamuliwa na raia 12 wa kawaida. Hebu jiweke mahali pao. Profesa huyu anasema hivi, profesa yule anasema vile, na kipimo chenyewe hakipo. Utamwamini nani? Mjini Darwin, tarehe 29 Oktoba 1982, walimtia Lindy hatiani kwa mauaji. Alihukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu, akiwa mjamzito. Michael alipewa kifungo cha nje. Mwezi uliofuata Lindy alijifungua akiwa mfungwa, na mtoto akachukuliwa. Rufaa zilishindwa, na ya mwisho, katika Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1984, ilishindwa kwa majaji watatu dhidi ya wawili.

Niruhusuni nitoke kidogo Australia nije Nairobi, maana kuna sababu kisa hiki kinaniuma.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nimetoka chuo juzi juzi, nilikuwa kwenye timu iliyotunza mfumo wa mauzo wa duka moja kubwa. Mfumo ulitoa ripoti kwamba risiti nyingi zinafutwa baada ya mteja kulipa, na zote ziko kwenye zamu ya asubuhi ya keshia mmoja. Mshauri aliyeletwa kutoka ng'ambo akaipitia ripoti, akasema ni safi. Nani angebisha? Yule dada akaitwa ofisini. Nilikuwepo. Aliniangalia mimi, si wakubwa, akasema, "Kaka, hiyo kompyuta yako inasema uongo. Saa hiyo mimi niko ndani ya matatu naenda nyumbani."

Alisimamishwa kazi, na hakurudi tena.

Mwezi mmoja baadaye jambo lile lile likatokea kwa keshia mwingine, na safari hii tukachimba. Seva ilikuwa inatumia saa za Greenwich, saa tatu nyuma ya saa zetu. Ripoti iliangalia namba ya mashine na saa peke yake. Risiti iliyofutwa saa kumi jioni ilionekana imefutwa saa saba mchana, kabla zamu hazijabadilishana. Nikataka kurudi nyuma niangalie risiti za yule dada wa kwanza, nimsafishe jina. Hazikuwepo. Kumbukumbu za mfumo zilikuwa zinafutwa kila baada ya siku saba ili kuokoa nafasi kwenye diski. Aliyeandika amri ya kuzifuta ni mimi.

Basi niliposoma kuhusu zile sahani zilizotupwa nilielewa mara moja. Hakuna aliyezitupa kwa nia mbaya. Ilikuwa desturi tu, kama yangu.

Haya, turudi kwa Lindy. Siku zote alisema kwamba mtoto alikuwa amevaa kisweta kidogo juu ya ile nguo, na ndiyo sababu mate ya dingo hayakuonekana kwenye nguo. Upande wa mashtaka haukuamini kwamba kisweta hicho kilikuwepo. Mwanzoni mwa mwaka 1986 mtalii mmoja Mwingereza alianguka kutoka Uluru akafa. Waliokuwa wakitafuta mabaki yake wakakuta, karibu na mapango ya dingo, kisweta cha mtoto. Siku chache baadaye, tarehe 7 Februari 1986, Lindy aliachiliwa.

Serikali ikaunda Tume ya Kifalme chini ya Jaji Trevor Morling. Ripoti yake ya mwaka 1987 ni somo tosha kwa yeyote anayefanya kazi ya kupima vitu. Vile vitone chini ya dashibodi havikuwa damu. Vilikuwa dawa ya kuzuia kelele iliyopuliziwa gari likitengenezwa, na magari mengine ya aina hiyo yalikuwa navyo pia! Na kipimo cha mwanzo cha kutafuta damu, kile kinachobadilika rangi, hubadilika pia kikikutana na shaba. Familia hiyo iliishi Mount Isa, mji wa migodi ya shaba, ambako vumbi lake liko kila mahali. Kuhusu ule mkono wa damu aliouona Cameron, sehemu kubwa ya alama zile ilikuwa mchanga mwekundu wa jangwani.

Wataalamu walikuwa wamesema pia kwamba kitambaa kilikatwa kwa mkasi, kwamba meno hayawezi kukata namna ile. Walipojaribu kwa mbwa halisi, meno yaliweza. Jaribio hilo lingeweza kufanywa kabla ya mtu kufungwa maisha. Na wale wasoma nyayo wa Anangu? Tume iliupa ushahidi wao uzito. Walichosema asubuhi ya kwanza kiliendana na kilichokuja kubainika miaka saba baadaye, na hawakuhitaji hata tone la dawa.

Hukumu zilifutwa Septemba 1988. Mwaka 1992 walilipwa fidia ya dola milioni 1.3 za Australia. Lakini cheti cha kifo kiliendelea kutotaja chanzo hadi tarehe 12 Juni 2012, hakimu Elizabeth Morris alipotamka rasmi kwamba Azaria alikufa kwa sababu ya dingo. Ni karibu miaka 32! Kabla ya hapo, mwaka 2001, dingo walikuwa wamemuua mvulana wa miaka tisa katika kisiwa cha Fraser, kwa hivyo hakuna aliyeweza tena kudai kwamba dingo hawaui watoto.

Sisemi wataalamu wa nje ni wabaya. Mara nyingine mgeni ndiye anayeweza kusema ambacho mwenyeji anaogopa kukisema. Ninachosema ni kwamba umbali aliotoka mtu haupimi chochote. Mtu akileta matokeo, awe wa London au wa Moi Avenue, mwulize mambo haya. Kipimo chako kinasema nini kikipimwa kitu ambacho unajua si chenyewe? Ulishawahi kukosea wapi? Na data yako ghafi iko wapi, niione mwenyewe? Kuhl angepima Torana nyingine yoyote iliyoegeshwa mtaani, angekuta vitone vile vile. Mimi ningelinganisha saa ya seva na saa ya mkononi mwangu, yule dada angekuwa kazini.

Siku hizi mahakama zetu zinapokea ushahidi wa simu, wa kamera na wa kompyuta kila kukicha, na mara nyingi anayesimama kuueleza ni mtu wa fani yangu. Hilo linanitia hofu kidogo, na nadhani ni hofu nzuri. Kwenye kila mfumo ninaoandika sasa, kumbukumbu hazifutwi. Diski ni rahisi. Yule dada nilimtafuta kwa namba yake ya zamani, haipatikani. Kama kuna anayemjua, amwambie alikuwa amesema kweli.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.