Uchumi rejeshi: nani anarejesha?

Nyavu za zamani zilisukwa kwa nyuzi za mimea. Zikipotea majini, zilioza. Wavu wa nailoni hauozi. Ukikatikia Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo, kati ya Nchelenge na kisiwa cha Kilwa, huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewatoa. Na plastiki inayoelea juu huenda mbali zaidi: maji ya ziwa hili hutokea mjini Pweto, yakashika mto Luvua hadi Lualaba, kisha mto Kongo, hadi Bahari ya Atlantiki. Ni safari isiyo na marejeo.

Dawa inayohubiriwa duniani ni uchumi ambamo kitu hutengenezwa ili kidumu, kikiharibika kikarabatiwe, na kikichakaa malighafi yake irudi kiwandani. Uchumi huo umepewa majina kadhaa kwa Kiswahili: uchumi duara, uchumi wa mzunguko, uchumi rejelezi, uchumi rejeshi. Tuyapime.

Duara ni umbo tu. Halisemi nani anatenda nini. Mzunguko umetokana na kuzunguka, jambo ambalo kitu hulifanya chenyewe, kama damu mwilini. Maji ya Mweru hupandishwa angani na jua, yakarudi kuwa mvua. Chupa ya plastiki haina jua la kuirudisha. Isitoshe, wachumi wameshazoea kusema mzunguko wa fedha, na msomaji atachanganya mawili hayo.

Rejelezi linakaribia zaidi, kwa kuwa kurejeleza ni kusaga au kuyeyusha taka ili kupata kitu kipya. Lakini hiyo ni hatua moja, tena ya mwisho. Duniani, takriban asilimia 9 tu ya taka za plastiki ndizo hurejelezwa. Tukiuita mfumo mzima kwa jina la hatua hiyo, tutasahau kudumu, kukarabati na kutumia tena.

Mimi nachagua rejeshi. Kurejea ni kurudi. Kurejesha ni kufanya kitu kirudi, na kitenzi hicho hakikamiliki bila mtendaji. Mkopo haurejei wenyewe, hurejeshwa na aliyekopa. Aliyewahi kununua soda ya chupa ya kioo dukani analijua hili: unaweka amana, unarudisha chupa tupu, na gari la kiwanda hupita kuchukua makreti. Kila mmoja ana zamu yake, na mwenye kiwanda hakusazwa.

Sheria nazo zinaelekea huko. Mwaka 2018 Zambia ilitoa kanuni zinazompa mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Tarehe 2 Machi 2022, jijini Nairobi, mataifa yaliazimia kujadili mkataba utakaoangalia maisha yote ya plastiki, tangu kutengenezwa hadi kutupwa.

Istilahi njema hueleweka hata ufukweni. Ng'ambo ya kisiwa kile cha Ziwa Mweru, upande wa Kongo, upo mji unaoitwa Kilwa vilevile, na Kiswahili ni lugha ya huko. Asiyezoea kurejesha atakuelewa ukimwambia kurudisha. Kisha atauliza swali ambalo neno duara lisingemfanya aulize: wavu huu ukichakaa, nani anaurudisha, na kwa nani? Mvuvi peke yake hawezi kulijibu. Aliyeutengeneza na aliyeuuza wanadaiwa jibu pamoja naye.