Nishani Zilizokawia Miaka Hamsini na Sita

Mtu atokaye Lubumbashi kwa barabara kuu kuja Likasi, kabla ya kuingia mjini hupita mahali ambapo mwaka 1961 palikuwa na gareji ya Purfina na nyumba chache za Wazungu. Sisi wa Kakontwe tunajulikana zaidi kwa mawe yetu ya chokaa. Wataalamu wa miamba wameyapa jina la kwetu, nao huyaita hivyo hata wakiyakuta Zambia. Lakini iko nchi ya mbali, Ayalandi, ambako mji wetu unajulikana kwa sababu nyingine kabisa, na kwa jina lake la zamani, Jadotville. Huko jina hilo limekuwa jina la nishani ya jeshi, ama medayi, kama tusemavyo hapa kwetu. Nishani hiyo ilitolewa mwaka 2017 kwa vita vilivyopiganwa mwaka 1961. Kwa nini ilikawia namna ile? Ndiyo habari ninayotaka kuwaeleza, kwa maana inatuhusu sisi pia.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Umoja wa Mataifa ukaleta askari wa nchi nyingi, na watu wa Katanga wakawaita wote kwa jina moja tu: ONU. Mwanzoni mwa Septemba 1961 kundi moja la Waayalandi, watu wapata 155, lilipelekwa Jadotville chini ya Komandanti Pat Quinlan. Ubelgiji, kwa njia ya waziri wake Paul-Henri Spaak, ilikuwa imeomba raia wake walindwe. Walipofika, Waayalandi waliona upesi kwamba Wazungu wa mji hawakuwataka, na Waafrika wengi hawakuwataka vilevile. Quinlan akawaamuru askari wake wachimbe mahandaki. Wengine walinung'unika kwa ajili ya jua na ugumu wa udongo wetu. Mahandaki hayo ndiyo yaliyowaokoa.

Jumatano tarehe 13 Septemba, alfajiri, Umoja wa Mataifa ulianza vita Elisabethville. Waayalandi wa Jadotville hawakupata habari mapema. Karibu saa mbili kasoro asubuhi wengi wao walikuwa katika Misa, nje, chini ya mbingu. Majandarme wa Katanga, wakiongozwa na askari wa kukodiwa kutoka Ulaya na Rhodesia, walifikiri kuwakamata palepale bila shida. Sajini mmoja, John Monaghan, aliyekuwa nje ya kusanyiko lile, akawaona wakija, akawapiga risasi kwa bunduki ya mtambo. Misa ikavunjika, kila mtu akakimbilia handaki lake.

Walipigana mpaka Jumamosi. Waandishi wengi husema walioshambulia walikuwa 3,000 au zaidi, wengine hupunguza. Walikuwa na mizinga, na ndege moja ya vita aina ya Fouga Magister, iliyokuja mara nyingi kutupa mabomu na kupiga risasi. Waayalandi hawakuwa na ndege wala bunduki kubwa. Kikosi kilichotumwa kutoka Elisabethville kuwasaidia kilijaribu mara mbili kuvuka daraja la Lufira, kikazuiwa mara zote mbili. Helikopta moja, yenye rubani Mnorwe na mwenziwe Mswidi, ilifaulu kutua ikiwaletea maji. Lakini madebe yalikuwa na mabaki ya mafuta, maji yasinyweke. Sisi tunaolijua jua la Septemba hapa, kabla ya mvua, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Tarehe 17 Septemba, risasi na chakula na maji vikiwa vimekwisha, Quinlan alisalimu amri. Katika watu wake wote hakufa hata mmoja. Watano tu walijeruhiwa. Usiku uleule, kati ya tarehe 17 na 18, Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ndege iliyoanguka karibu na Ndola, alipokuwa anakwenda kuongea na Tshombe. Dunia yote ikageuza macho huko. Waayalandi walishikwa kama mateka wiki kadhaa, wakaachiliwa mwezi wa Oktoba, nao wakarudi kwao mwisho wa mwaka.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Quinlan aliandika majina ya watu 33 katika kundi lake, akaomba wapewe nishani za ushujaa na za utumishi bora. Baraza la nishani la jeshi likayasoma majina hayo, halikumpa hata mmoja. Mwaka 1965 likaulizwa tena, nalo likajibu kwamba halibadili neno lake. Jambo likafungwa. Humo kambini wenzao waliwapa jina la dhihaka, na jina la mji wetu lilikuwa ndani yake. Mtu aliyesema kwamba alikuwa Jadotville alichekwa. Kwa hiyo wengi walinyamaza, hata nyumbani kwao.

Yafaa kufikiri kwa nini jeshi lilifanya hivyo. Miezi kumi tu kabla ya hapo, tarehe 8 Novemba 1960, Waayalandi tisa waliuawa Niemba, kaskazini mwa Katanga. Mmoja wao, Anthony Browne, alipewa nishani ya ushujaa baada ya kufa, naye ndiye wa kwanza katika historia ya jeshi lile kuipata. Aliyekufa ni rahisi kumsifu. Lakini Quinlan aliwarudisha watu wake wote wakiwa hai, wakiwa wamesalimu amri, na ukubwa wa jeshi haukujua la kufanya na watu wa namna hiyo. Kuwasifu kungaliwalazimu wakubwa kujibu swali: nani aliyewapeleka watu 155 mahali pale, mbali na wenzao, bila silaha za kutosha, kisha akaanza vita bila kuwaonya? Mimi naona sababu ni hiyo zaidi kuliko kusalimu amri kwenyewe. Ni vyepesi kuacha ukurasa mtupu kuliko kuandika jibu la swali kama hilo.

Angalieni vema, kosa lilikuwa la namna gani. Majalada ya askari hawa hayakusema uongo. Yalionyesha kwamba mtu fulani alitumika Kongo, mwaka fulani, katika kundi fulani. Ila kile alichokifanya kwa siku tano hakikuwamo. Kosa la kuandika vibaya huonekana, maana mtu husoma akashtuka. Kosa la kuacha halionekani. Anayelisoma jalada baada ya miaka arobaini haoni kwamba kitu kimepungua, isipokuwa awepo mtu wa kumwambia.

Mtu huyo alikuwapo. John Gorman alikuwa na miaka 17 alipopigana hapa. Alipostaafu jeshini alianza kuwaandikia wakubwa na wabunge, naye hakuacha. Mwana wa Quinlan, Leo, aliyekuwa ofisa wa jeshi yeye mwenyewe, alifanya kazi hiyohiyo kwa ajili ya baba yake, aliyekufa mwaka 1997 bila kuona heshima yo yote. Mwaka 2004 waziri wa ulinzi Willie O'Dea alikubali habari yote ichunguzwe upya, na uchunguzi ukawaondolea askari wale lawama. Mwaka 2005 jiwe la ukumbusho likasimamishwa katika kambi ya Custume, mjini Athlone. Tarehe 17 Septemba 2016, miaka 55 kamili tangu kusalimu amri, kundi lote likapewa hati ya sifa ya serikali, na hiyo ilikuwa ya kwanza kutolewa katika nchi ile. Tarehe 2 Desemba 2017, Athlone, kila askari akapewa nishani inayoitwa Jadotville. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, na jamaa zao wakaipokea mahali pao.

Wengine husema: nishani kwa mzee wa miaka themanini ina faida gani? Haimrudishii ujana wake. Ni kweli. Lakini yule mzee alikuwa na watoto waliokua wakisikia kwamba baba yao ni mwoga.

Sisi wakatekista tunajua kidogo kazi ya vitabu. Katika kitabu cha ubatizo mtu hafuti mstari wala hachani ukurasa. Likionekana kosa, likathibitishwa, hupata ruhusa ya wakubwa wa Kanisa, kisha huandikwa pembeni, na mstari wa kwanza hubaki ulivyo. Waayalandi walifanya karibu hivyo. Uamuzi wa baraza lile la zamani haukuchomwa moto. Upo bado, na majina 33 yapo pamoja nao. Kilichoongezwa kimeandikwa kando yake, mwaka 2004, 2016, 2017. Tena kiliwezekana kwa sababu karatasi zilikuwapo. Quinlan aliandika ripoti zake, akaandika majina. Kama angaliomba kwa mdomo tu, Gorman asingalikuwa na kitu cha kuwaonyesha wabunge.

Na upande wetu? Waliokufa pale barabarani upande wa Katanga walikuwa vijana wa nchi hii. Hesabu zinazotajwa hupishana sana, na karibu zote zatoka kwa Waayalandi, waliokuwa wanatazama kutoka mahandakini. Si shauri langu kusema kwamba vita vya Tshombe vilikuwa vyema. Lakini mtu hawi namba kwa kuwa alikuwa upande ulioshindwa. Katanga yao iliisha Januari 1963. Wengi wa majandarme waliobaki wakaenda Angola, na serikali yao iliyokuwa na majalada yao haipo tena.

Wako wengine wa zamani zaidi, na habari yao yafaa kujulikana katika kila nyumba ambayo babu alikuwa askari wa Force Publique. Askari hao waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Vita ya pili walikwenda Abisinia, na tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri kwao huko Saïo. Wengine wakapelekwa Nijeria, wengine Misri na Palestina, na hospitali moja ya Kikongo ikafuata jeshi la Afrika Mashariki mpaka Burma. Mwaka 1947 Ubelgiji iliweka nishani ya vita vya Afrika ya 1940 mpaka 1945. Juu ya utepe wake hutiwa kipande kidogo cha chuma chenye jina la mahali mtu alipotumika: Abisinia, Nijeria, Mashariki ya Kati, Burma. Mtu aliyekwenda mahali pawili anastahili vipande viwili. Hapo ndipo upungufu ni rahisi kutokea, maana karani wa kikosi cha pili hajui sikuzote mambo ya kikosi cha kwanza, na askari mwenyewe alipewa ruhusa kurudi nyumbani, akarudi.

Tarehe 8 Juni 2022, Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimpa Kaporali Albert Kunyuku nishani ya cheo cha Komanda katika Order of the Crown, mbele ya sanamu ya askari wa zamani. Kunyuku alikuwa amepigana Burma. Alikuwa na miaka 100, naye alitajwa kuwa wa mwisho aliyebaki. Miaka 77 ilikuwa imepita tangu vita kwisha. Nilifurahi kwa ajili yake, sitaficha. Hata hivyo nishani moja kubwa kwa mtu wa mwisho si sawa na kipande kidogo cha chuma kwa kila aliyekistahili, siku zile ambazo wangaliweza kukivaa Jumapili.

Kwa hiyo, mwenye kitabu cha askari cha babu yake asikiache kiliwe na mchwa. Mambo matatu ndiyo yenye nguvu: namba ya askari, jina la kikosi, na tarehe za kuingia na kutoka. Picha bila jina nyuma yake, baada ya watoto wawili au watatu kurithiana, ni picha ya mtu ye yote. Mzee angali hai? Aulizwe sasa, na majibu yaandikwe na tarehe iwekwe.

Iko shida moja tena, nayo ni ya majina. Mtu aliandikwa jeshini kwa jina la ukoo, kama karani Mbelgiji alivyolisikia kwa sikio lake. Parokiani aliandikwa Joseph au Albert. Kijijini aliitwa kwa jina la tatu. Anayetafuta kwa jina moja huambiwa kwamba mtu huyo hakuwapo. Lakini kitabu cha ubatizo mara nyingi kina jina la Kikristo na jina la ukoo katika mstari mmoja, pamoja na majina ya baba na mama na kijiji. Mstari huo waweza kuunganisha jalada la jeshi na mtu mwenyewe. Mwenye haja aende kwa paroko wake na mwaka wa ubatizo, hata kama ni wa kukadiria tu, aombe cheti chenye majina yote yaliyoandikwa pale, si lile la Kikristo peke yake.