Dawa Iko Mtaani, Mbona Uifuate Ahero?

Shangazi yangu, sisi humwita Waya, alikaa Nyalenda, dakika 10 kwa miguu kutoka kliniki. Lakini kila mwezi alipanda matatu hadi Ahero kuchukua dawa zake za ARV. Nikiwa mdogo nilidhani ameenda kununua mchele. Manze, kumbe mchele ulikuwa kisingizio.

Mwaka jana ndio aliniambia ukweli. Siku ya kwanza alienda hapo karibu. Muuguzi akaita jina lake kwa sauti, akamwonyesha benchi "la wale". Kwa foleni alikuwepo jirani yetu. Waya hakurudi. Alikaa miezi 8 bila dawa kabla ya kupata ujasiri wa kwenda mbali.

Sasa kuna wasee hupenda kusema watu wa ziwa walikwepa hospitali kwa ujinga, ati waliamini ni chira. Ni kweli wengi walisema chira. Lakini hebu angalia miaka.

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi Kenya alitambuliwa 1984. Rais Moi alitangaza janga la kitaifa 1999. Homa Bay, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa ARV bure 2001. Serikali yenyewe ilifuta ada za dawa hizo katika hospitali za umma 2006. Hiyo ni miaka 22! Sehemu kubwa ya muda huo, kama huna pesa, kupimwa kulikupa nini? Jina baya mtaani, na dawa hupati. Wewe ungeenda?

Halafu dawa zikafika, lakini kliniki nyingi zikazitenga: chumba chake, mlango wake, siku yake. Ukionekana kwa huo mlango, habari imefika nyumbani kabla yako. Hata kopo la vidonge lilikuwa linasema, likitikisika kama kayamba. Watu wakalijaza pamba, wengine wakamimina vidonge kwa karatasi.

Na usidhani ni majirani tu. Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za wanafunzi na wajawazito wanaoishi na virusi. Watu wakaenda kortini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo linakiuka Katiba. Lakini karibu miaka miwili ilikuwa imepita. Mama mjamzito pale Dunga akisikia jina lake litaandikwa, unafikiri atakimbilia kliniki?

Huo si ujinga. Ni watu kukumbuka walichofanyiwa.

Siku hizi Waya huchukua dawa hapo hapo mtaani. Hakuna mabango yaliyombadilisha. Kulikuja nesi mpya anayemwita "mathe", anafunga mlango, na wanaongea polepole.

Kwa hivyo ukijua mtu ameacha kliniki, usianze kumhubiria umuhimu wa dawa. Anaujua kukushinda. Muulize kwanza: pale walikufanyia nini?