Hisa ya Chama na Hisa ya Sokoni

Nchini Kenya, neno hisa hutaja mali za aina mbili. Ipo hisa ya chama cha ushirika cha akiba na mikopo, yaani Sacco, na ipo hisa inayouzwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Tofauti yake ilidhihirika mwaka 2008, soko lilipoporomoka na kuwaacha wengi na deni.

Chimbuko la Sacco ni vyama vya mikopo vya vijijini Ujerumani. Mwaka 1864, Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliunda chama Heddesdorf ili wakulima wakopeshane wenyewe, wasinyonywe na watoza riba. Nchini Kenya ushirika ulianza na walowezi wa Lumbwa mwaka 1908, na Waafrika wakafunguliwa mlango kwa sheria ya mwaka 1945. Baada ya uhuru, Sacco zilienea kwa walimu, watumishi wa serikali na wafanyakazi wa viwandani. Mwajiri hukata mchango wa mwanachama kabla ya kulipa mshahara, wanachama wenzake humdhamini, naye hukopa hata mara tatu ya akiba yake. Benki ya Ushirika ilianza kazi mwaka 1968 ili kuvihudumia vyama hivyo.

Bei ya hisa ya Sacco haibadiliki kila siku. Mwanachama hupata gawio linalopitishwa na mkutano mkuu wa mwaka, kulingana na faida ya chama.

Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954 kama umoja wa madalali. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kufanya biashara ya hisa hadi uhuru ulipopatikana. Kwa miaka mingi wananchi wa kawaida walilitazama kwa mbali, mpaka serikali ilipouza hisa za kampuni ya umeme ya KenGen mwaka 2006 kwa shilingi 11.90 kila moja. Bei ilipanda zaidi ya maradufu, na faida hiyo ikawavuta wengi. Mapema mwaka 2007, kipimo cha bei za kampuni 20 kilivuka 6,000.

Zamu ya kampuni ya simu ya Safaricom ilipofika mwaka 2008, hisa iliuzwa shilingi 5. Watu zaidi ya 800,000 waliomba, na wengi wao walikopa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne, hivyo waombaji walipata sehemu ndogo tu huku riba ya mkopo ikihesabiwa. Biashara ilianza tarehe 9 Juni na bei ikapita shilingi 7, kisha ikaanza kushuka. Nchi ilikuwa imetikiswa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na msukosuko wa fedha duniani uliwafanya wawekezaji wa kigeni waondoe fedha zao. Mapema mwaka 2009 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3, na kipimo cha soko chini ya 2,500.

Bei ya sokoni ni mapatano ya muuzaji na mnunuzi wa siku hiyo. Wauzaji wakizidi, inashuka hata kama kampuni inaendelea kupata faida. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja. Mwaka 2021 hisa ya Safaricom ilipita shilingi 40. Aliyenunua kwa mkopo wa muda mfupi alilazimika kuuza kwa hasara ili alipe, na kuuza huko kukazidi kuishusha bei.

Katika mporomoko huohuo Benki ya Ushirika iliingia sokoni, Desemba 2008, kwa shilingi 9.50 kwa hisa. Maombi hayakufikia kiasi kilichotolewa, lakini vyama vya ushirika vilibaki na karibu thuluthi mbili ya benki.

Sacco nazo zina hatari zake: mikopo isiyolipwa, uongozi mbaya, na fedha za wanachama kuwekezwa ovyo. Kwa sababu hiyo, sheria ya Sacco ya mwaka 2008 iliunda mamlaka ya kuzisimamia, na kuzitaka zinazopokea amana ziwe na mtaji usiopungua shilingi milioni 10.